MOYO UNAOPIGAPIGA: TUTAFUTE SABABU YAKE



Hakuna juma linalopita bila mutu kuingia kwenye disipanseri na kusema: «Muganga, moyo wangu unapigapiga.» Mumoja anasema unaruka kama samaki ndani ya kikapo. Mwingine anasema unasimama kidogo, kisha unapiga teke moja kubwa. Wa tatu anasema unakimbia kama masini iliyokosa breki. Wote wanaweka mukono juu ya kifua, na wote wanaogopa jambo moja: kwamba saa yao ya kufa imefika.

Kuna shida moja inayofanya jambo hili kuwa gumu kuliko jeraha ao kuhara. Jeraha linaonekana. Lakini moyo unaopigapiga, wakati mugonjwa anapofika mbele yetu, mara nyingi umekwisha kutulia. Tunamupima, kila kitu ni sawa, anarudi kazini. Kule wenzake wanasema anatafuta tu siku za mapumziko. Nyumbani jamaa wanasema ni ulozi. Yeye mwenyewe hajui asadiki nani. Kwa hiyo leo tujifunze namna ya kumushika muhalifu anayekimbia mbele ya askari kufika.

KAZI YA MOYO NA HESABU YAKE

Moyo ni pompi ya nyama, ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kwa mutu mukubwa anayepumzika unapiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika moja. Tukichukua 70, fanyeni hesabu wenyewe: mara 70 kwa dakika, mara 4.200 kwa saa, zaidi ya mara 100.000 kwa siku moja. Kila dakika unasukuma karibu litri 5 za damu. Ndani ya kazi hiyo yote hatuusikii. Tukianza kuusikia, ndipo tunasema unapigapiga. Basi neno hili si jina la ugonjwa. Ni habari tu, kama vile taa nyekundu inayowaka mbele ya dereva. Taa haisemi kama ni mafuta, ao maji, ao moto. Inasema: angalia.

Pompi hii inaongozwa na umeme mudogo sana, unaoanzia sehemu ya juu ya moyo upande wa kuume na kushuka kwa njia yake mpaka chini. Mwili ukitaka damu nyingi, umeme unapiga mbio: unapopanda ngazi, unapobeba muzigo, unaposhtuka, unapokuwa na homa. Hapo moyo unafanya kazi yake vizuri. Mutu akicheza mupira na moyo wake ukapiga 150, hapana ugonjwa. Mutu akikaa kwenye kiti, hana homa, hana hasira, na moyo wake unapiga 150, hapo kuna neno la kuuliza.

Kila mutu wa nyumba yenu anapashwa kujua kuhesabu. Geuza mukono wa kushoto, kiganja kiangalie juu. Weka vidole viwili vya mukono wa kuume chini ya shina la kidole gumba, pale penye bonde dogo kando ya mufupa. Usitumie kidole gumba kwa kuhesabu, kwa sababu kina mapigo yake mwenyewe na kitakudanganya. Bonyeza kidogo tu. Ukisikia mapigo, angalia saa ao simu yako na hesabu dakika moja nzima. Watu wengine wanahesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Ni sawa kama moyo unakwenda kwa mupango. Lakini kama unarukaruka, nusu dakika haitoshi.

Usihesabu tu siku ya ugonjwa. Hesabu siku tatu unapoamuka, mbele ya kutoka kitandani, na uandike. Hiyo ndiyo namba yako. Mucheza mupira muzuri anaweza kuwa na 50, na hana taabu yoyote. Mutoto muchanga anaweza kuwa na zaidi ya 120, musiogope. Bibi mwenye mimba anaongezeka mapigo 10 mpaka 20, kwa sababu moyo wake unafanya kazi kwa ajili ya watu wawili.

Na jambo lingine ambalo hesabu haisemi: mwendo. Wakati moyo unapigapiga, gonga meza kwa kidole sawasawa na vile unavyousikia. Tu-tu-tu-tu, mbio lakini sawasawa? Ao tu, tu, … TU, wenye kukosa pigo moja? Ao bila mupango wowote, kama mvua kwenye mabati? Mugonjwa anayeweza kutugongea mwendo huo mezani ametupunguzia nusu ya kazi.

Ile ya kukosa pigo moja, niwaambie mara moja, ndiyo inayoogopesha wengi na mara nyingi ndiyo isiyo na hatari. Pigo moja linakuja mbele ya wakati wake, moyo unapumzika kidogo, na pigo linalofuata linakuwa na nguvu kwa sababu damu imejaa. Teke unalosikia ni pigo hilo. Karibu kila mutu anayo mara kwa mara, hata kijana mwenye afya. Inazidi usiku ukilala upande wa kushoto, ukikosa usingizi, ukinywa kahawa nyingi. Kama huanguki, huna pumzi fupi, na moyo wako hauna ugonjwa mwingine, unaweza kuishi nayo mpaka uzee.

SABABU ZILIZO NJE YA MOYO

Watu wanafikiri: moyo unapiga vibaya, basi moyo ni mugonjwa. Lakini kwa wengi tunaowaona moyo ni muzima, na tabu iko mahali pengine. Moyo unalipa deni la mwingine.

Sababu ya kwanza hapa kwetu ni homa. Kila digri moja ya joto inayoongezeka inaleta karibu mapigo 10 zaidi kwa dakika. Mutu mwenye malaria na joto la 39 atakuwa na moyo wa mbio, hapana ajabu. Tena dawa yenyewe inaweza kushiriki. Kinini inashusha sukari ya damu, zaidi kwa mama mwenye mimba na kwa mutoto. Na sukari ikishuka, mutu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, moyo unapigapiga. Inaweza pia kusumbua umeme wa moyo. Ndiyo maana tunakataa watu wanunue kinini sokoni na kujipima wenyewe. Ukipewa kinini, kula kwanza.

Sababu ya pili ni damu kidogo, na hapa nitakaa muda murefu, kwa sababu inapita mbele ya macho yetu kila siku na hatuioni. Damu inabeba hewa ya pumzi. Ikipunguka, moyo unapashwa kuizungusha mbio zaidi kusudi hewa ifike. Ni kama kusafirisha mawe yale yale kwa kamyo tatu mahali pa kamyo tano: lazima ziende mbio. Mama mumoja, bibi ya mutumishi wa usinga ya kusafisha shaba, alikuja akisema moyo unamuamusha usiku. Jirani walikuwa wamemwambia ni wivu wa mutu fulani. Nilipomuuliza maswali nilijua damu yake ya mwezi inakaa siku nane, na kwamba kila siku alikuwa akila pemba. Nilishusha ngozi ya chini ya jicho: nyeupe kama karatasi. Kwenye laboratwari walimukuta na emoglobini ya gramu 5, na mwanamuke anapashwa kuwa na 12 ao zaidi. Mayai ya minyoo yalikuwa pia ndani ya choo chake. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, na akapelekwa kwa daktari wa wanawake. Kisha miezi mitatu alikuwa akilala usiku kucha, na hamu ya pemba ilikwisha yenyewe. Kula udongo mara nyingi ni alama kwamba chuma kimekosekana ndani ya damu, na udongo huo tena unazuia chuma cha chakula kuingia. Kwa hiyo mama akisema «nina hamu tu ya pemba», musicheke. Mumulete tumupime.

Sombe, lengalenga, maharagi, ndakala, nyama kila mara mfuko unaporuhusu: hivi vinasaidia. Chai inayokunywewa pamoja na chakula inazuia chuma. Ni vizuri kuingoja saa moja kisha kula. Na mutoto mwenye macho ya manjano, damu kidogo, na maumivu ya mifupa yanayorudirudi, aletwe apimwe ugonjwa wa damu wa siselemu, kwa maana huyo hapashwi kupewa chuma ovyo.

Ya tatu ni joto na kukosa maji. Watumishi wa chini ya udongo wanaijua. Mutu anaweza kupoteza zaidi ya litri moja ya jasho kwa saa moja ya kazi nzito mahali pa joto. Damu inakuwa kidogo ndani ya mishipa, moyo unakwenda mbio kusudi ijaze. Dalili ni kiu, mukojo wa rangi ya chai, kizunguzungu, misuli kukazana. Kunywa maji kidogo kidogo mbele ya kusikia kiu, glasi moja kila dakika 15 ao 20, ni bora kuliko kunywa mutungi muzima wakati wa kupanda. Yule aliyeharisha usiku asishuke chini asubuhi bila kuonana na muganga: amepoteza maji na chumvi, na potasi ikipunguka umeme wa moyo unavurugika.

Ya nne haina harufu wala rangi. Ni monoksidi ya kaboni, gasi ya moto usiopata hewa. Inatoka kwenye masini za mazuti chini ya udongo, inatoka kisha kupasua mawe kwa baruti, na, mama wa nyumba musikie, inatoka kwenye mbabula. Ndani ya miezi ya baridi, mwezi wa sita na wa saba, watu wanaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba na kufunga mulango na dirisha. Gasi hii inakalia nafasi ya hewa ndani ya damu. Kichwa kinauma, moyo unapigapiga, mutu anasikia kichefuchefu, anafikiri ni malaria, analala, na pengine haamuki. Alama kubwa ni hii: watu wawili ao watatu wa chumba kimoja wanapata taabu saa moja pamoja, na wakitoka nje inapunguka. Kama ni hivyo, tokeni wote, fungueni mulango, na kuja hospitali mara moja. Chini ya udongo, usirudi mahali pa kupasulia mbele ya saa iliyowekwa na mbele ya kipimo cha hewa, hata kapita mwenyewe akiwa na haraka.

Sasa vinywaji. Kahawa si adui ya kila mutu. Wengine wanakunywa vikombe vitatu bila neno. Lakini vinywaji vya kopo vya kuleta nguvu, ambavyo vijana wa posti ya usiku wanakunywa viwili vitatu mufululizo, vinaweka kafeini nyingi na sukari nyingi ndani ya mwili usiolala. Pombe ni jambo lingine. Ndani ya mwaka 1978, huko Marekani, waganga waliandika juu ya watu wenye moyo muzima waliofika hospitali kisha siku za kunywa sana, moyo wao ukipiga bila mupango. Waliuita «moyo wa sikukuu». Sisi tunaweza kuuita moyo wa siku ya mushahara. Mutu anakunywa ijumaa, jumamosi, na siku ya mungu. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza moyo unavurugika. Lutuku ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayejua nguvu yake wala kilichochanganywa ndani. Tumbako nayo inapandisha mapigo kila sigara.

Watu wa Kolwezi na Likasi wananiuliza juu ya kobalti. Ni swali la haki. Kobalti nyingi ikiingia mwilini inaweza kuharibu nyama ya moyo. Ilionekana katika muji wa Québec, nchi ya Kanada, kati ya mwaka 1965 na 1966: viwanda vya pombe vilitia kobalti ndani ya bia kusudi povu likae, na watu karibu 50 waliokuwa wakinywa bia hiyo nyingi kila siku waliugua moyo, na karibu 20 walikufa. Kobalti ilipotolewa ndani ya bia, ugonjwa ulikoma. Watu wale walikuwa pia na chakula kibaya, na pombe yenyewe iliwadhoofisha. Kwa hiyo musiseme kila anayeshika kobalti atapata ugonjwa huo. Lakini ndani ya mwaka 2009 waganga wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi ndani ya mukojo, watoto zaidi kuliko wakubwa. Mavumbi yanaingia kwa pua, kwa mikono, kwa chakula. Basi kifuniko cha pua kivaliwe, mikono ioshwe mbele ya kula, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za mutoto. Na ukiwa mutumishi wa mavumbi ya kobalti na moyo unapigapiga, utuambie kazi yako ya kweli. Tutakusikiliza kwa sikio lingine.

Kuna pia tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mutu anakonda ingawa anakula, anatoka jasho, mikono inatetemeka, hapendi joto, macho pengine yanatokeza. Kipimo cha damu kinaonyesha. Na kuna dawa: dawa za kupanua pumzi za watu wa asima, dawa za mafua zinazofungua pua, vidonge vya kukondesha. Leta vyote unavyokunywa, hata vile vya mizizi, ndani ya mufuko. Hatutakugombeza.

WOGA

Woga nao unapigisha moyo. Mutu aliyeona mwenzake akifunikwa na jiwe, mama mwenye deni, kijana anayengoja kufukuzwa: moyo wao unakimbia bila mbio za miguu. Tangu mwaka 1871 muganga Da Costa wa Marekani aliandika juu ya askari wa vita waliokuwa na moyo wa namna hii na hakuona ugonjwa ndani ya moyo wenyewe. Hawakuwa waongo. Mateso yao yalikuwa ya kweli, na sisi waganga hatupashwi kusema «huna kitu» kwa mutu anayelala macho wazi.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili: kuita kila kitu woga. Moyo wa woga unapanda polepole na kushuka polepole, na ni shida kupita kipimo cha umri. Kipimo hicho kinahesabiwa hivi: 220, ondoa miaka yako. Mutu wa miaka 40 hawezi kwa woga tu kufika 190 akiwa amekaa. Kama moyo unawaka mara moja kama taa na kuzimika mara moja kama taa, hapo tunafikiri juu ya umeme wenyewe.

Nilimujua mutumishi mumoja wa miaka 38, dereva wa kamyo kubwa ya mawe. Kwa miaka miwili alikuwa na moyo wa mbio. Alikwenda mahali patatu. Kila mara alifika umekwisha kutulia. Alipewa vitamini, akaambiwa apunguze mawazo. Kwao walianza kutafuta ni nani aliyemufanyizia. Bibi yake ndiye aliyefungua kitasa. Alikuwa amejifunza kuhesabu alipokuwa akimutunza mutoto mugonjwa. Siku moja bwana aliinama kufunga viatu, moyo ukawaka. Bibi akahesabu: 190. Akaandika saa, dakika, alichokuwa akifanya, na kwamba ulizimika kisha dakika 25, «kama kukata stima». Akaandika mara tano ndani ya miezi miwili, mara tatu ikiwa bwana ameinama. Kwa karatasi ile daktari hakuzungumza tena juu ya mawazo. Alisema: mara ijayo muje mukiwa bado mbioni, musingoje. Walikuja usiku na teksi ya pikipiki, wakapigwa picha ya umeme wa moyo, na jambo likaonekana: njia ya pili ya umeme, aliyozaliwa nayo, inayofanya moto uzunguke pahali pamoja. Vidonge vilimutuliza. Ndani ya miji yenye vyombo vya kutosha njia hiyo inaweza hata kuchomwa kwa waya inayopita ndani ya mushipa, na ugonjwa unakwisha kabisa.

Kwa miezi hiyo hakuongoza kamyo. Alikasirika juu ya hilo, kwa sababu primu ya dereva ilikatwa, na nyumba yenye watoto sita inasikia primu ikikatwa. Sijui namna ya kulainisha neno hili. Lakini kamyo yenye tani mia moja ikiachwa bila dereva hata kwa sekunde 10, haiuwi mutu mumoja.

WAKATI MOYO UNAPOANZA

Acha kazi. Ondoka kwenye ngazi, kwenye trei, kwenye usukani, kando ya mukanda wa masini. Mwambie mwenzako, usijifiche. Kaa ao lala, legeza mukaba. Kama kuna joto, peleka mwili penye hewa na kunywa maji. Vuta pumzi kwa pua polepole ukihesabu mpaka 4, toa kwa kinywa ukihesabu mpaka 6, dakika tano nzima. Mwenzako ahesabu mapigo na aangalie saa.

Kwa yule ambaye daktari amekwisha kumwambia kwamba moyo wake ni wa namna ile ya taa, kuna njia moja ya kuuzima. Kaa ukiegemea, vuta pumzi, funga kinywa na pua, na sukuma kama mutu mwenye choo kigumu, sekunde 15. Mara moja ulale chali, na mwenzako ainue miguu yako yote miwili juu kwa sekunde 15 nyingine. Huko Uingereza walijaribu njia hii na kutoa matokeo ndani ya mwaka 2015: kwa wagonjwa 100, moyo wa 43 ulirudi kwenye mupango kisha dakika moja, na kwa njia ya zamani ya kusukuma bila kulala wala kuinua miguu ulirudi kwa 17 tu. Usifinye-finye mushipa wa shingo kama wengine wanavyofundisha; kwa muzee inaweza kuleta kupooza. Usikunywe kidonge cha tansio cha jirani. Kuna vidonge vya namna hiyo vinavyoweza kumuua mutu wa asima. Usikunywe pombe kusudi utulie.

Hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi, kama kuna moja ya haya: mutu ameanguka ao amezimia, kifua kinamuuma ao kinakazana, pumzi ni fupi, moyo unapita 130 akiwa amepumzika na hautulii kisha dakika 20, umeanza wakati wa kazi nzito ao mbio, ao mutu wa damu yao alikufa ghafula akiwa kijana. Mama aliye katika mwezi wa mwisho wa mimba, ao aliyezaa mbele ya miezi mitano, akikosa pumzi anapolala chali, na miguu ikavimba, moyo wenyewe unaweza kuwa umechoka. Huyo musimupe majani. Mumulete.

Moyo unaopiga bila mupango kama mvua kwenye mabati nao uletwe, hata kama hauumi, kwa sababu damu inaweza kuganda ndani yake na kipande kikapanda kwenye bongo na kuleta kupooza. Kwa vijana wetu mara nyingi unatoka mbali: koo la utoto lisilotibiwa vizuri, kisha homa ya viungo, kisha milango ya moyo inaharibika polepole kwa miaka. Penisilini ya koo kwa wakati wake inaweza kuokoa moyo wa mutu wa miaka 30.

TUNAVYOTAFUTA

Tunaanza na maswali, mikono, na masikio, tansio, jicho, kipimo cha malaria, cha damu, cha sukari. Kisha picha ya umeme, elektrokardiogramu. Masini hii ilitengenezwa na Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepewa zawadi ya Nobel ndani ya mwaka 1924. Haichomi, haitii umeme mwilini, inasikiliza tu. Lakini inasikiliza sekunde chache. Ikiwa moyo umetulia, itaandika moyo uliotulia, na karatasi nzuri haimaanishi kwamba mugonjwa amesema uongo. Ndiyo maana Norman Holter wa Marekani alitengeneza masini ya kutembea nayo. Ile ya kwanza ilikuwa na kilo 38, aliibeba mugongoni kama gunia la unga! Ya leo inaingia mufukoni na inaandika moyo siku nzima, mchana na usiku. Haiko kila mahali, na si kila mutu anaihitaji. Ekografi inaonyesha nyama na milango ya moyo.

Kwa anayengoja, daftari la mutoto wa shule linatosha. Andika mistari sita: tarehe na saa, nilikuwa nikifanya nini, nilikula na kunywa nini, na dawa gani, mapigo kwa dakika, ulianza na kwisha polepole ao ghafula, dakika ngapi. Kama hujui kuandika, mutoto wa darasa la tano anajua. Andika pia siku ambayo hakuna kitu kilichotokea, kwa sababu hiyo nayo inatusaidia. Ukiwa na daftari la majuma manne, njoo nalo asubuhi mbele ya saa mbili, usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta tumbako, na pumzika kwenye benchi dakika 10 mbele ya kupimwa. Ukisikia moyo umeanza ukiwa bado kwenye musitari, piga mulango, usingoje zamu.